Kabla hujanunua kichocheo kipya cha meko, kipime kwanza

Wateja wengi hutupigia simu wakiwa wameshaamua: meko yanatoa moshi, kuni zinaisha haraka, basi kichocheo, kile kipande chenye vitundu vingi ndani ya meko kinachounguza moshi, kimekufa na wanataka kingine. Vichocheo tunauza, lakini hatupendi mtu anunue asichohitaji. Kifaa hiki ni ghali kwa sababu kimepakwa madini ya thamani, platinamu au paladiamu, na mara nyingi tukikitoa tunakuta kimezibwa na majivu tu.

Moshi wa kuni bado una nishati ndani yake. Kwa kawaida unahitaji joto la nyuzi 550 za Selsiasi hivi ndipo uwake. Ukipita kwenye vitundu vya kichocheo, unashika moto kwenye nyuzi 260 hivi. Joto hilo hubaki chumbani, na kreosoti, ule ugando mweusi unaosababisha moto ndani ya dohani, hupungua sana.

Kukipima si kazi ngumu. Washa moto kibati cha kupitishia moshi kikiwa wazi, ili moshi uende dohani bila kupita kwenye kichocheo, uache ukolee hadi kipimajoto kivuke nyuzi 260. Toka nje utazame dohani. Rudi ndani, funga kibati ili moshi upite kwenye kichocheo, subiri dakika kadhaa, kisha katazame tena. Moshi ukipungua waziwazi, kichocheo ni kizima. Mvuke mweupe unaopotea mara tu unapotoka ni maji, usikutie wasiwasi. Wala usihukumu kwa wekundu: kichocheo hung'aa kikipata moto mkali, lakini moto wa wastani hukifanyisha kazi bila kung'aa hata kidogo.

Moshi usipopungua, bado usikilaumu. Kagua gasketi ya kibati, yaani ukanda unaoziba pembeni mwake, kwanza, kwa sababu ikichakaa moshi hupenya pembeni bila kugusa kichocheo. Kagua na kuni. Zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, moto haufiki joto linalotakiwa.

Sasa usafi. Ngoja meko yapoe kabisa, kisha mulika tochi kwenye vitundu. Utaona majivu ya kijivu yamejishika kama utando wa buibui. Yafagie kwa brashi laini, au yavute kwa mashine ya vumbi bila kugandamiza. Tafadhali usitumie hewa ya kompresa wala usichokonoe kwa waya. Vyote viwili hubandua ule upako, na ukishatoka haurudi. Kama bado ni kizito kuwaka, watengenezaji wengi wanaruhusu kukichemsha taratibu kwa nusu saa kwenye maji yaliyokenekwa (yaliyotolewa madini) yaliyochanganywa na siki nyeupe nusu kwa nusu, kisha kukisuuza kwa maji mengine yaliyokenekwa na kukikausha kabisa. Soma kijitabu cha meko yako kabla ya kufanya hivyo.

Kinachokiua mapema ni kile kinachotiwa motoni. Mbao zenye rangi au dawa, plastiki, takataka, karatasi za kung'aa, makaa ya mawe: madini ya risasi na salfa yaliyomo hufunika upako, na hapo hakuna siki itakayosaidia. Kingine ni kutia kuni mbichi kichocheo kikiwa cha moto. Mvuke hukipoza ghafla na cha kauri hupasuka. Ndiyo maana tunasisitiza kufungua kibati kabla ya kufungua mlango wa meko, na kutokifunga tena hadi kuni mpya zishike vizuri.

Ufa mwembamba peke yake hauna madhara mradi kipande kimeshikamana. Kikianza kumeguka, au kisipopunguza moshi hata baada ya kusafishwa, wakati wake umefika. Kinachotunzwa hudumu saa 10,000 hivi za moto, mara nyingine zaidi.

Unapobadilisha, weka na gasketi mpya inayokizunguka. Ile ya zamani ilishatanuka kwa joto na haitaziba tena, hata ikionekana nzuri machoni. Gasketi mpya hufungwa kwa utepe unaoungua wenyewe kwenye moto wa kwanza, kwa hiyo usiutoe.

Ukituagizia, tuandikie aina na modeli ya meko, urefu, upana na kina cha kichocheo cha zamani, na kama ni cha kauri au chuma. Weka na picha ya upande unaotazama moto. Kwa picha hiyo pekee tumeshawaambia wateja wengi wakisafishe tu na wasinunue.