Kuhusu lile neno uliloniuliza

Kaka vipi, za masiku. Lile swali lako nimelifuatilia, hilo neno old lag ulilokutana nalo kwenye kutafsiri ukadhani ni mzee mvivu. Wala, siku hizi Waingereza wanamwita hivyo mtu wa kuingia na kutoka jela kila saa, sisi tungesema mhalifu sugu. Ila zamani halikuwa hivyo na hapo ndo patamu.

Kuna jamaa anaitwa James Hardy Vaux, mwizi haswa, Mwingereza, alisafirishwa kifungoni Australia mara tatu, yani tatu kaka, anapata upenyo anarudi Ulaya anafanya yake wanampakia meli tena. Sasa mwaka 1812 yuko Newcastle, ile ya Australia sio ya mpira, anapigishwa kazi ngumu, ile mida ya kupumzika akawa anaandika kamusi ya lugha ya wezi, akamtolea mkuu wa kambi ambaye ndo alikuwa hakimu pia, ili akisikiliza kesi asipigwe chenga. Ikaja kuchapishwa 1819. Mi namwona msnichi tu kwa kweli, ila bila yeye tungejulia wapi.

Humo anasema lag ni mfungwa aliyehukumiwa kupelekwa ng'ambo, na old lag ni mwanaume au mwanamke aliyeshapelekwa akarudi nyumbani, afu wanaomwita hivyo ni wale tu wanaoijua siri yake. Umeona hapo? Jirani hajui, tajiri yake hajui, wanajua washkaji. Na hao wezi wenyewe walikuwa wanajiita familia.

Lilipotoka kwa washkaji likaenda kwa watu wengine, baadaye ndo likawa la kumsema mtu kwamba huyu habadiliki. Sisi nasi hatujambo, sugu angalau mpaka urudie rudie, ila aliyefungwa mara moja akamaliza zake tunamwita "yule katoka jela", na kitoto chake kikikua kinaitwa mtoto wa yule aliyetoka jela.

Kwa hiyo kwenye kitabu unachotafsiri, sura za enzi zile za kupakia wafungwa meli usiweke mhalifu sugu kabisa, utakuwa umemsingizia mtu. Weka hata "mwenzetu wa ng'ambo" wakiwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe, zile za kisasa sugu poa tu. Ukimaliza hiyo sura nitumie niipitie, na msalimie shemeji.