Malalamiko: regulata iliyopigwa muhuri wa sevisi bila kufunguliwa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Sevisi ya Vifaa vya Kupigia Mbizi

Ndugu Meneja,

YAH: SEVISI YA REGULATA AMBAYO HAIKUFANYIKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta kwenu regulata yangu nzima, kifaa kinachonipa hewa ya mtungi nikiwa majini: hatua ya kwanza inayofungwa kwenye mtungi, hatua ya pili ninayopumulia, na ile ya akiba. Ilikuwa imetimiza miaka 2 tangu sevisi ya mwisho, na nilikuwa nimezama nayo mara 112. Mlikaa nayo wiki 3. Ilirudi inang'aa, imetiwa kwenye mfuko safi wa plastiki, na fomu yenye alama ya vema katika kila kisanduku. Nililipia kazi, nikalipia na seti ya spea.

Siku ya kwanza kuirudisha majini, kabla ya kuzama ilikuwa kimya kabisa. Tulipofika mita 18, mwenzangu alinigusa bega na kunionyesha nyuma ya kiwiko changu. Hatua ya akiba ilikuwa inamwaga viputo mfululizo, nami sina habari. Niliigeuza mdomo ukaangalia chini, dawa ambayo kila mpiga mbizi anaijua, isisaidie kitu. Kwenye kina kile presha ni karibu mara tatu ya ile ya juu ya maji, kwa hiyo hewa inayovuja nayo inaondoka kwa kasi hiyo. Tukakatisha safari mtungi ukiwa na baa 130 (baa ni kipimo cha presha), tukapanda polepole, tukasimama dakika 3 kwenye mita 5, nikatoka na baa 50. Majini sikuogopa sana. Hofu ilinipata nyumbani, nilipofunga geji ya kupimia presha kwenye regulata.

Mafundi wenu hawahitaji kufundishwa na mimi, lakini huenda barua hii ikapita kwenye meza ya mtu asiye fundi. Hatua ya kwanza inashusha presha ya mtungi, baa 200 hivi, hadi presha ya kati. Kwa regulata yangu, kitabu cha mtengenezaji kinataka presha hiyo iwe kati ya baa 9 na 10, na ikishafika hapo itulie. Yangu ilianza na 9.6. Nikavuta pumzi mbili tatu, nikaiacha huku macho yangu yakiwa kwenye mshale. Dakika moja baadaye 10.4. Dakika ya tano ilikuwa inakaribia 12, na hatua ya akiba ikaanza kulia taratibu, sss, kama nyoka chini ya mkeka. Vali ya hatua ya pili imeundwa ifunguke presha ya kati ikizidi, ndiyo maana hewa ilivuja badala ya kunipasulia mpira wa kupitishia hewa. Sifa hiyo ni ya aliyeiunda, si yenu.

Presha kupanda hivyo maana yake kiti cha vali hakizibi. Ni kipande kidogo cha plastiki ngumu, kidogo kuliko kifungo cha shati, na ndicho kinachopokea ukingo wa pistoni, kile kipande kinachosogea ndani ya hatua ya kwanza, kila ninapovuta pumzi. Fomu yenu inasema kimebadilishwa. Niliipeleka regulata kwa fundi mwingine, nikamwomba aifungue mbele yangu. Kiti kilichotoka kilikuwa na alama ya duara iliyozama kiasi kwamba ukucha ulikwama ndani yake. Kiti kipya hakipati kovu la namna hiyo kwa kuzama mara moja. Mpira wa pete wa pistoni ulikuwa umebapa upande mmoja na umekakamaa.

Halafu chujio, lile la mahali hewa ya mtungi inapoingilia hatua ya kwanza. Hapa nakiri kosa langu: miezi kadhaa nyuma niliwahi kuosha regulata huku kifuniko cha vumbi kimelegea, maji ya chumvi yakaingia. Sikuficha. Nilimweleza kijana wenu wa mapokezi, naye akaandika kwenye karatasi ya kupokelea, kwa mkono wake, "maji yameingia, kagua chujio". Nakala ninayo. Chujio lililotolewa mbele yangu lilikuwa la kijani, ule ukijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Chujio hili halihitaji utaalamu wa kulitafuta. Ukitoa kifuniko cha vumbi na kuchungulia kwa tochi, unaliona. Kwa hiyo ama hakuna aliyechungulia, ama alichungulia akaweka vema. Sijui lipi kati ya hayo ni afadhali kwenu.

Kuna nafasi kwenye fomu ya kuandika presha ya kati, na nyingine ya nguvu inayohitajika kufungua vali kwa pumzi. Zote mbili zimejazwa neno moja: SAWA. Sawa si kipimo. Aliyefunga geji huandika namba, na huandika tena baada ya kuiacha kwa dakika kadhaa, kwa sababu hitilafu kama yangu haijitokezi papo hapo. Kwa nje, nisiwanyime haki yenu, mlisafisha vizuri sana, na kipande cha mdomoni mlifunga kipya.

Naomba yafuatayo ndani ya siku 14. Mnirudishie fedha zote, za kazi na za spea, na mnilipe gharama ya fundi aliyeifungua. Mnieleze kwa maandishi nani alitia saini fomu ile na alipima kwa kifaa gani. Na jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko fedha: muwaite wateja wote ambao fomu zao zina saini hiyo, vifaa vyao vipimwe upya kabla hawajazama. Mteja hana namna ya kuona ndani ya hatua ya kwanza. Yeye hushuka chini akiamini karatasi yenu, na wengine miongoni mwao huenda hawana geji ya kupimia nyumbani kama mimi.

Nimeambatanisha nakala za fomu, karatasi ya kupokelea, risiti na picha. Kiti na chujio nimevitunza kwenye kifuko. Mkitaka kuvikagua nitavileta mwenyewe, mtavitazama nikiwepo, kisha nitaondoka navyo.

Wako,
Mteja