Fangasi wa miguuni hawapimwi kwa damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niliongelee hili suala la watu kupimwa "fangasi kwenye damu", maana huku kwetu Mbagala limeshakuwa kubwa, mtu akiwashwa kidogo tu anaambiwa akatoe damu, anatoka na karatasi imeandikwa pozitivu na mfuko wa dawa, na wengi hatuulizi kile kipimo kimepima nini hasa.

Mdogo wangu anauza samaki Feri. Anatoka nyumbani saa tisa usiku, anavaa mabuti ya mpira, miguu inakaa kwenye maji mpaka saa tano asubuhi. Mwezi wa tatu akaanza kuwashwa vidole, ngozi kati ya kidole cha nne na cha mwisho ikawa nyeupe inabanduka. Akaingia maabara moja ya mtaani, jina silitaji, wakamtoa damu mkononi, robo saa nyingi kaambiwa fangasi wameshaingia kwenye damu, kipimo elfu 25, dawa za wiki sita vidonge vya flukonazoli kila siku, halafu amlete mume wake na watoto nao wapimwe. Alikuwa na mimba ya miezi miwili na hakuna aliyemuuliza. Usiku akanipigia analia, dada mimi damu yangu imeharibika, nani atanilelea wanangu.

Kesho yake nikamchukua tukaenda hospitali kwa daktari wa ngozi. Yule mama damu wala hakuitaka. Alikwangua ngozi pale kati ya vidole, ule unga akauweka kwenye kioo, akadondoshea dawa ya potasi inayoyeyusha ngozi ili fangasi wabaki wanaonekana, akasubiri kidogo akaweka kwenye hadubini na akamwita mdogo wangu aangalie mwenyewe, vilikuwa vijiuzi vijiuzi vinapita kwenye ngozi. Akamwandikia krimu ya kupaka, akamwambia ajikaushe vizuri kati ya vidole kila akivua mabuti. Vile vidonge akamwambia aviache siku hiyo hiyo, maana flukonazoli dozi kubwa kwa muda mrefu kwenye miezi mitatu ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa tahadhari hiyo tangu 2011.

Sasa Mhariri kilichonifanya niandike ni maelezo aliyotupa, nikaona hayatakiwi kuishia kwetu. Fangasi wa vidole, mapunye ya watoto, choa, wote hao wanakula ile ngozi ya juu iliyokufa, au nywele, au kucha, huko chini kwenye damu hawaendi, kwa hiyo ukimtafuta kwenye damu unamtafuta mahali ambapo hayupo. Anatafutwa pale pale anapowasha. Mapunye unachukua nywele na magamba, kucha unaikwangua, mama anayewashwa ukeni anachukuliwa ute wa huko huko. Na ikibidi kuotesha, yani kuiweka sampuli maabara mpaka fangasi wakue, fangasi wa ngozi wanaweza kuchukua wiki mbili mpaka nne kuota. Robo saa haitoshi.

Nikamuuliza, sasa ile pozitivu imetoka wapi? Akasema hawezi kujua kwa sababu karatasi haijaandika ni kipimo gani, ila vipo vipimo vinavyotafuta kinga ya mwili dhidi ya kandida, aina moja ya fangasi, na kandida anaishi mdomoni, tumboni na ukeni kwa watu wengi wazima kabisa wasioumwa chochote, hivyo mwili unakuwa umeshamjua na kinga yake ipo kwenye damu. Yani unaweza kuwapima abiria wa daladala nzima na ukapata pozitivu kibao wakati hakuna mgonjwa. Na kandida akiingia kwenye damu kweli, huyo mtu hali yake ni mbaya, mara nyingi yuko ICU, ana mipira kwenye mishipa, au kinga imeshuka sana, analazwa na kuchomwa dawa ya mshipani, hawezi kupewa bahasha arudi nyumbani na bajaji. Hata huko kwa wagonjwa mahututi, kuotesha damu, ambacho ndicho kipimo cha kuaminika, kinawakamata kama nusu tu ya wenye ugonjwa. Yani hospitali kubwa yenye vifaa inaweza kumkosa, halafu mtaani wanampata kwa kila anayeingia mlangoni. Hilo lilinikaa sana kichwani.

Isije ikaeleweka kwamba nasema damu haipimwi fangasi kabisa. Kipo kipimo cha damu cha fangasi ambacho ni cha kweli na kwetu sisi kina kidonda. Kaka yetu alifariki 2013, alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, CD4 zake, yani chembe za kinga kwenye damu, zilikuwa 40 na kitu, kichwa kilimuuma karibu wiki mbili anapewa dawa za maumivu na za malaria, mpaka alipofikishwa hospitali wakamtoa maji ya uti wa mgongo wakakuta ni kriptokoka, na siku ya nne akaondoka. Huyu fangasi anaingia kwa hewa kwenye mapafu, halafu kinga ikiwa chini anapita kwenye damu mpaka kwenye ubongo, na alama zake kwenye damu zinaonekana wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kipimo chake kinaitwa CrAg, ni kijikaratasi kama cha malaria, majibu dakika 10, hakitaki umeme, na kinakosea mara chache sana. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu mzima mwenye virusi ambaye CD4 zimeshuka chini ya 100 apimwe, na hata walio chini ya 200 inashauriwa. Utafiti uliofanyika hapa hapa Dar na Lusaka, majibu yakatoka 2015, uliwafuata watu karibu 2,000 wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza dawa, na wale waliopimwa CrAg wakatembelewa nyumbani wiki za mwanzo vifo vyao vilikuwa pungufu kwa 28%.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wenye ndugu CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi, CD4 zikiwa chini uliza kwa sauti, CrAg amepimwa? Usione aibu.

Na kwa Bodi ya Maabara Binafsi za Afya pamoja na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ombi langu ni moja. Kila karatasi ya majibu ya fangasi iandikwe jina la kipimo, sampuli imetoka wapi, na ni fangasi gani aliyeonekana. Maabara ikishindwa kuandika hayo matatu isiruhusiwe kumtoza mtu hela wala kumuuzia dawa kwa majibu hayo. Wapo mafundi maabara wazuri wengi hapa mjini na hili haliwapi shida yoyote maana wanaandika tayari.

Mdogo wangu vidole vimepona, mimba inaendelea vizuri na kliniki anahudhuria. Ile karatasi ninayo, ina neno fangasi, alama ya kujumlisha na mhuri basi, na wahusika wakiitaka nitawapelekea mwenyewe.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam