Risala ya wafamasia wa wodi za watoto kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mfamasia wa Mkoa,
Waganga Wafawidhi wa hospitali zetu,
Wakufunzi, wauguzi, wazazi wetu, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zetu, shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitika mwaliko wetu. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Sisi tunakuomba ukae kidogo, maana tuliyo nayo ni mazito.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbele yako wamesimama wafamasia 12 kutoka Muheza, Korogwe, Lushoto, Handeni, Pangani na hapa mjini. Kwa miezi sita tumekuwa tukikutana kila Jumamosi kujifunza uongozi wa huduma ya dawa katika wodi za watoto. Shahada ya famasi tuliisomea miaka minne, tukaongeza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Dozi tulizijua kabla ya kuja hapa. Kwa nini basi tukarudi darasani? Naomba ruhusa yako, na ya wenzangu, nijibu kwa jambo lililonipata mimi msoma risala.

Nilikuwa na mwezi wa tatu kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Usiku, muuguzi akaja kwenye dirisha la famasi na cheti cha dawa cha mtoto mchanga wa kilo 2.8. Dawa ilikuwa jentamaisini ya sindano. Mtoto wa uzito ule, akiwa katika wiki yake ya kwanza duniani, hupewa miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kwa hiyo alistahili miligramu 14. Daktari alipiga hesabu sawasawa, ila baada ya namba akaongeza nukta na sifuri: 14.0. Kalamu ilikuwa inaishiwa wino na nukta haikushika. Muuguzi akasoma 140, akaomba ampuli mbili.

Ampuli moja ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Alichohitaji mtoto yule ni mililita 0.35, kiasi ambacho hata kwenye bomba dogo la sindano hukioni mpaka ulisogeze kwenye taa. Nilizishika zile ampuli mbili na moyo ukanigonga. Lakini nikajiuliza: daktari ameandika, muuguzi amesoma, mimi ni nani? Nikampa.

Alipopotea kwenye korido nilirudia hesabu kwa kalamu kwenye kiganja. Nikaacha dirisha wazi nikakimbia. Nilimkuta anavuta ampuli ya pili. Mtoto hakudungwa, alhamdulillahi. Jentamaisini ikizidi huumiza figo na kuua masikio, na mtoto wa siku nne hawezi kumwambia mama yake kwamba hamsikii.

Mheshimiwa, hesabu niliijua tangu pale dirishani. Nilichokosa ni ujasiri wa kusema "subiri", na hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba kusema hivyo ni sehemu ya kazi yangu. Hicho ndicho tulichokuja kukitafuta sote 12, kwa sababu nilipokisimulia kisa hiki Jumamosi ya kwanza, karibu kila mmoja wetu alikuwa na cha kwake.

Mafunzo yalitutoa nyuma ya dirisha yakatupeleka kwenye raundi ya madaktari wodini. Wiki za mwanzo tulisimama nyuma kabisa, nyuma hata ya wanafunzi, tukishika daftari. Wakufunzi wakatusogeza. Tukafundishwa namna ya kumwambia daktari bingwa, mbele ya watu na bila kumvunjia heshima, "Daktari, naomba tuhakiki uzito." Tukafundishwa kumsikiliza muuguzi wa zamu ya usiku, kwani yeye ndiye anayeijua wodi kuliko sisi wote. Tukajifunza kuandaa maoteo, yaani makadirio ya mahitaji, ya dawa za watoto peke yake badala ya kuyafanya kiporo cha maoteo ya watu wazima, kutetea bajeti mbele ya Kamati ya Tiba, na kufundisha walio chini yetu.

Leo, katika wodi tunazofanyia kazi, cheti cha mtoto kisicho na uzito hakipokelewi. Sifuri haiwekwi baada ya nukta: 14 inaandikwa 14. Ikiwa dozi haifiki moja, sifuri hutangulia nukta: 0.35. Dawa za hatari hupigiwa hesabu na watu wawili, kila mmoja kivyake, ndipo walinganishe. Ni mambo madogo yasiyohitaji fedha ya mfadhili, ila yalihitaji mtu wa kuyasimamia kila siku bila kuchoka.

Tumeanzisha pia daftari la makosa ya dawa. Mwanzoni hakuna aliyetaka kuandika, maana tumezoea kosa likitokea anatafutwa mchawi. Tulikubaliana kuandika kosa bila jina la aliyelifanya, na mfamasia awe wa kwanza kuandika la kwake. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wangu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa huu una haki ya kujivunia dawa za watoto. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 waliougua malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na Hospitali Teule ya Muheza ilikuwamo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliotibiwa kwa atesuneti asilimia 8.5. Baadaye damu ya watoto wa Muheza ilisaidia kuonyesha kwamba kwa watoto wadogo kiwango cha dawa hiyo mwilini huwa chini kuliko inavyotakiwa. Mwaka 2015 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukaongeza dozi: aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, aliyezidi hapo abaki na 2.4. Kila mtoto anayechomwa atesuneti leo, awe Kigoma au Ghana, ana deni kidogo kwa akina mama wa Muheza walioruhusu watoto wao wapimwe. Sisi wafamasia wa mkoa huu tukikosea dozi hiyo, tutakuwa na la kujibu kuliko wengine.

Nieleze na la mama mmoja wa Pangani. Mwanawe ana selimundu na uzito wa kilo 12, anatumia haidroksiyurea. Vidonge tulivyo navyo ni vya miligramu 500, naye anahitaji kama 240. Mwenzetu mmoja hakuishia kumpa maelekezo. Alimwomba aonyeshe hasa anavyofanya nyumbani. Mama akatoa kikombe cha plastiki, akafungua kidonge kwa kucha, akakoroga kwa kidole, kisha akakadiria nusu kwa macho. Na alikuwa mjamzito, miezi mitano. Unga wa dawa ile mjamzito hatakiwi kuugusa kabisa. Siku hiyo baba aliitwa, akafundishwa kuvaa glavu, kuyeyusha kidonge katika mililita 10 za maji na kuvuta mililita 4.8 kwa bomba. Dirishani tusingekiona kile kikombe wala kile kidole.

Wenzetu wa mbali wameliona hili mapema. Marekani, mfamasia aliyekwisha kuhitimu anaweza kuongeza mwaka wa mafunzo ya hospitali, kisha mwaka wa pili wa kubobea katika watoto, na wapo wanaoandaliwa miaka miwili kwa ajili ya kuongoza idara. Tangu 2015 wana hata mtihani wa ubingwa wa famasi ya watoto. Hatuombi kuwaiga kila kitu. Tunalotaka ni kuona hapa kwetu kwamba kazi hii inaandaliwa, haiangukii aliyekuwepo zamu.

Dunia nayo ilichelewa. Orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ilitoka 1977, na ya watoto ikasubiri mpaka 2007, miaka 30 kamili. Ucheleweshaji huo bado tunauona rafuni: kidonge cha mtu mzima kinakatwa kwa wembe vipande vinne, na hakuna vipande viwili vinavyolingana.

Sasa yanayotukwaza. Hapo juu nilitaja waja leo waondoka leo. Msemo huo unampendeza mgeni, lakini kwa mfamasia wa wodi ya watoto ni hasara tupu. Akikaa miezi mitatu, akishawazoea madaktari na wameanza kumsikiliza, anahamishiwa stoo. Tunaomba, Mheshimiwa, anayepewa wodi ya watoto akae angalau miaka miwili, na nafasi hiyo iandikwe katika muundo wa hospitali ili isitegemee hisani ya mganga mfawidhi.

La pili ni mizani. Kuna wodi mkoani inayoazima mizani kliniki ya watoto, na kliniki ikifungwa jioni uzito unakadiriwa. Baada ya yote niliyoyasema, sina haja ya kueleza maana yake.

Tunaomba pia mabomba ya kunyweshea dawa, yasiyoingia sindano, yapate mstari wake katika maombi yetu Bohari ya Dawa. Vijiko vya majumbani havilingani, na mama hana kosa kwa hilo.

Kundi la pili la mafunzo linasubiri, safari hii tukitaka Kilindi na Mkinga wawemo. Sisi 12 tumejitolea kuwafundisha bila posho. Tunachohitaji ni ruhusa ya waajiri wao kwa Jumamosi hizo, na sauti yako katika hilo itatosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujatukabidhi vyeti, mwenzetu kutoka Lushoto atakuletea nakala ya risala hii. Juu yake amebandika bomba la mililita 1, na ndani ameweka maji mpaka alama ya 0.35. Tunakuomba ulisogeze kwenye taa.

Tunawasilisha.