Tumeshuka daraja, mchawi mwacheni alale

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana maskani kwetu hapa Wete hapakaliki. Timu ya mtaani imeshuka daraja, jina silitaji wenyewe wanajijua, na tokea siku ile pale uwanja wa Gombani kila mtu ana mchawi wake mdomoni. Mara tumechezewa, mara kuna kitu kimezikwa golini, na hoja yao kubwa eti timu iliyofunga magoli mengi vile itashukaje kama si mkono wa mtu?

Itashuka tu. Mimi nilikuwa baharia, Disemba 2012 meli yetu ilifunga gati Kobe, Japani, siku chache baada ya Gamba Osaka, timu ya mpira ya hukohuko, kushuka. Mzee mmoja wa pale bandarini, kofia yake ya blu na nyeusi kaivuta mpaka kwenye nyusi, Kiingereza hajui na mimi Kijapani sikijui, akachukua karatasi ya mzigo akaigeuza nyuma akaandika 67, chini yake 65, halafu hiyo 65 akaipigia mistari miwili mpaka kalamu ikatoboa. Nilikuja kufahamu baadae nilipoelezwa na mwenzangu wa melini. 67 ni magoli waliyofunga, mengi kuliko timu yoyote ya J1, ndo ligi kuu yao, msimu ule, hata mabingwa Hiroshima hawakufika. 65 ndo waliyofungwa. Mechi 34, pointi 38, nafasi ya 17 kwenye timu 18, siku ya mwisho wakapigwa 2-1 na Júbilo Iwata wakazama. Na hawa si wa kuokota, mwaka 2008 walibeba ubingwa wa Asia.

Kisa chenyewe hakina jini. Kocha Nishino alokaa nao miaka 10 kaondoka mwisho wa 2011, akaletwa Mbrazil Serrão, ligi imeanza Machi na Machi hiyohiyo kafukuzwa, timu akapewa Matsunami. Mbele wanafunga, nyuma mlango wazi.

Cha kuchekesha, nuksi hata Wajapani wanayo. Hao Iwata walikuwa na mshambuliaji, Ryoichi Maeda, tangu 2007 timu yoyote anayoitia goli lake la kwanza la msimu basi mwaka huo inashuka, miaka 6 mfululizo, Kofu, Verdy, JEF, Kyoto, Yamagata, na 2012 haohao Gamba. Angekuwa Mpemba huyu wallahi angeshasomewa. Lakini 2013 kaanza na Urawa, Urawa wakabaki salama salmini, iloshuka ni Iwata, timu yake mwenyewe! Mchawi gani huyo anaezamisha ngalawa alopanda?

Sasa turudi kwetu. Pesa ya msimu ilitoka ya beberu mweusi na ya nauli ya mganga, hilo nalijua kwa sababu na mimi nilichanga, Mungu anisamehe. Kipa wetu, kijana wa watu, msimu mzima kadakia glovu zilizopasuka kwenye kidole gumba, mjomba wake kazishona kwa uzi wa nyavu. Ikinyesha mvua zile glovu kama zimepakwa sabuni. Kona nne nimezihesabu mwenyewe, mpira umegusa mikono yake ukapita ukaingia ndani. Siku ya kona ya nne kakaa chini palepale golini anazitazama hizo glovu, na watu jukwaani wanapiga kelele "karogwa huyo". Bei ya glovu hakuna aloiuliza.

Gamba walifanya nini? Endo na Konno, wachezaji wa timu ya taifa kabisa, wakabaki wakaenda kucheza huko chini, 2013 wakachukua ubingwa wa J2, daraja la pili, wakarudi, 2014 wakabeba ligi na vikombe vyote viwili vya nyumbani. Na kwenye ligi hiyo ya 2014 walifunga magoli 59, kidogo kuliko mwaka walioshuka, ila walifungwa 31 tu.

Siye bado hatujakaa hata kikao na beki wetu mmoja keshaanza kuulizia timu za Unguja, simlaumu. Kikao chenyewe ni Jumapili baada ya laasiri. Mimi naenda na bei ya glovu mfukoni, nshaulizia Chake, na akisimama mtu kutaja beberu naondoka na mchango wangu.

Baharia mstaafu,
Wete, Pemba