Kwa Bakari, kuhusu ile safari ya kusini

Mikindani, Mtwara

Sahibu yangu Bakari,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu tu.

Juzi kijana wangu kaondoka Dar alfajiri kwa basi, na jua halijazama alikuwa sebuleni kwangu anakula. Zaidi ya kilomita 550, na shati bado limenyooka! Nikakukumbuka wewe na Saidi, mwaka 1989, na ile Land Rover ya kuazima.

Unaikumbuka Ndundu? Pantoni imeharibika ng'ambo, foleni ya malori imefika vichakani, na hakuna anayejua itapona lini. Tukafunga turubai ubavuni mwa gari, tukawasha karabai. Ukaenda kwa wale akina mama, ukarudi na kambale wa kukaanga kwenye jani la mgomba, mafuta yanakuchuruzika mpaka kiwikoni. Usiku kucha viboko wanakoroma Rufiji, na utingo wa lori la jirani akatusimulia habari za mamba mpaka Saidi akahamia kulala juu ya keria. Sijapata kucheka vile tena.

Daraja lipo tangu 2003, karibu mita 970, na limepewa jina la Mkapa, mtoto wa Masasi. Anastahili. Watu wa kusini kila masika tulikuwa kama tuko kisiwani, mgonjwa na mzigo vyote vinasubiri njia ipitike. Pantoni siililii hata kidogo.

Kinachoniuma ni kwamba siku hizi tunapita Nangurukuru mbio, hakuna anayekunja kushoto kwenda Kilwa. Sisi tulikunja. Tukapiga hema ufukweni Masoko, asubuhi tukavuka kwa mashua hadi Kisiwani, pale alipofika Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Saidi, msemaji wetu, alishika nguzo ya Msikiti Mkuu asiseme neno. Mimi urafiki wetu nauhesabu kuanzia pale, si shuleni.

Mbele ya hapo ni tope tu na kukata matawi ya kutandika chini ya magurudumu, mpaka Lindi.

Basi nina ombi. Njoo Juni, masika yakiisha. Gari nimeshapata. Tuanzie Dar, tulale Ndundu hata kama hakuna cha kusubiri, tulale na Masoko. Saidi macho yamepungua nguvu, ndiyo maana sitaki tuahirishe tena. Yeye amekubali, umebaki wewe.

Nijibu upesi nimpe mwenye gari tarehe.

Wasalaam,
Ndugu yako Rashidi