Maziwa Hayatoi Sumu ya Jiko

Kwako Mhariri,

Baridi ya Julai ikifika Nairobi huwa najua gazeti lako litabeba nini. Familia imepatikana imekufa ndani ya nyumba, jiko la makaa lilikuwa kando ya kitanda, majirani wakavunja mlango asubuhi, polisi wakapeleka miili mochari. Halafu chifu anaambia watu waache kulala na jiko. Imeisha, tunangoja Julai ingine. Sina ugomvi na chifu, anasema ukweli, lakini hayo ni maneno ya mtu ambaye bado hajaanguka. Yule ameshaanguka na bado anapumua, huyo nani anamwongelea? Manake wengi hawafi papo hapo, kuna muda hapo katikati ambapo mtu anaokoleka kabisa, na huo muda daktari hayuko, tuko sisi, majirani na mwangalizi wa ploti na kijana wa boda pale steji.

Mimi ni mwangalizi wa ploti huku Pipeline, Embakasi. Wanaojua Pipeline wanajua, ghorofa juu ya ghorofa, chumba kimoja ndio jikoni ndio bedirumu, dirisha la chini linaangalia ukuta wa ploti ya jirani na ukinyoosha mkono unaugusa. Hapo hewa inaingia wapi? Na gesi ikipanda bei watu wanarudi kwa makaa, usiwalaumu.

Wacha nieleze ya mwaka jana. Mama mmoja wa floo ya pili alichemsha maharagwe nje koridoni, yakaiva, akaona mtoto mdogo anakohoa na baridi ni kali, akaingiza jiko ndani. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, hakuna moshi hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanadanganyika, wanadhani sumu ni moshi. Moshi angalau unakuchoma macho ukatoka. Hii kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndio yanaitoa vizuri tu. Msichana wake mkubwa akatoka akitambaa kwa koridoni akitapika, jirani akauliza, "Huyu amekula nini?" Bahati kuna mtu aliona mlango uko wazi na ndani hakuna mtu anaongea.

Tulipowatoa, mama alikuwa nusu anajijua nusu hajijui, amelegea kabisa. Na kitu cha kwanza kilichosikika ploti nzima ni, "Leteni maziwa! Maziwa inakata sumu!" Kijana akakimbia dukani, paketi ikafunguliwa kwa meno, kijiko kikaletwa. Nikamwambia yule aliyekuwa amemshika kichwa, "Mama Kevo, tafadhali wacha kwanza, atapaliwa." Alinikasirikia kweli, akasema nataka mwenzake afe. Simlaumu, hata yeye alifunzwa hivyo na mamake. Lakini jamani, hii sumu haiko tumboni, iko kwa damu, imeingilia mapafuni. Maziwa yataifuata wapi? Mtu ambaye hajijui ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia njia ya hewa, sasa una shida mbili.

Twende kliniki. Kliniki yenyewe siitaji jina, iko karibu, inafungua usiku, hilo nashukuru. Kijana wa zamu akamwekea mama kile kimashine cha kubana kidole, ikasoma 98. Akaniambia, "Mzee, oksijeni yake iko sawa, ni uchovu na kukosa usingizi, mrudishe nyumbani apumzike." Nikamwambia, "Daktari, walikuwa wamefungiwa na jiko." Akaangalia tena kidole, 98. Na hapa Mhariri ndio nataka watu wako wasome mara mbili. Kile kimashine kinapiga taa kwa kidole na kuangalia rangi ya damu, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi ni nyekundu kama ile iliyobeba oksijeni, kwa hivyo mashine inahesabu zote pamoja na kukupa namba nzuri huku mtu anakufa kwa kukosa hewa. Haijaharibika, haikuundwa kutofautisha. Kipimo cha damu kinachotofautisha kiko hospitali kubwa, na mgonjwa hafai kungoja kipimo ndio apewe oksijeni, akitoka kwa nyumba ya jiko na kichwa kinauma, hiyo inatosha kuanza.

Tatizo lingine, hata huyo kijana angejua, hakuwa na mtungi. Kliniki ya usiku, mtaa wa maelfu ya watu, hakuna mtungi wa oksijeni. Tukapanda Probox moja hadi hospitali ya umma na hapo nesi aliposikia tu neno jiko hakuuliza la pili, aliwavalisha maski wote watatu, hadi yule mdogo aliyekuwa anacheza na viatu vyangu. Nikamuuliza huyu mdogo wa nini, si yuko sawa? Akasema, "Baba, wote walikuwa wanavuta hewa moja." Walilala hapo mpaka kesho yake mchana.

Kwa nini oksijeni na si kupunga upepo tu? Hii gesi inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko vile oksijeni inashikana nayo, yaani ikishakaa kwa kiti haitoki haraka. Mtu akikaa nje anavuta hewa ya kawaida, inachukua masaa 4 mpaka 6 hivi ndio nusu yake itoke. Akipewa oksijeni tupu kwa maski, dakika 60 mpaka 90. Tofauti ya hiyo saa moja na hayo masaa matano ni ubongo na moyo wa mtu, na kama ni mama mjamzito ni mbaya zaidi kwa sababu mtoto aliye tumboni anaumia kuliko hata mamake, mama anaweza kukuambia amepona na mtoto bado yuko hatarini. Pia kuna wanaopona wakarudi kazini, halafu siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye wanaanza kusahau vitu, kutembea vibaya, hasira za ajabu, watu wanasema amerogwa. Hajarogwa, arudishwe hospitali.

Kwa hivyo ukikuta nyumba kama hiyo, fungua mlango na madirisha, vuta pumzi ukiwa nje, ingia, toa watu, toka. Usianze kutafuta shuka ama simu ukiwa ndani, wako waliokufa wakiokoa wengine. Jiko litatolewa baadaye. Anayepumua lakini hajijui mlaze ubavu. Asiyepumua anza kumkandamiza kifua hapo katikati, kwa nguvu na haraka, kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, usiache mpaka usaidiwe. Na ukifika hospitali sema JIKO kabla hata ya kusema jina la mgonjwa. Kama nyumba nzima inaumwa kichwa na kutapika kwa wakati mmoja, ama paka naye amelegea, hiyo si malaria wala si chakula.

Najua kuna mtu atasema hizi ni kazi za serikali. Ni kweli, na sheria iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu ya dharura yanaanza kabla ya hospitali, halafu kumtuliza mgonjwa, halafu kumpangia kupelekwa kwingine kama wewe huna uwezo. Soma hiyo ya mwisho vizuri. Sisemi kliniki imevunja sheria kwa kukosa mtungi, lakini kumwambia mtu arudi nyumbani akalale bila kumpangia pa kwenda, hiyo ni kitu ingine. Hii nchi 2015 ilishuhudia mtu aliyegongwa na gari akikaa ndani ya ambulensi masaa 18 hapa Nairobi akitafutiwa kitanda mpaka akafariki, tukapiga kelele wiki moja tukanyamaza.

Na si jiko peke yake. Mafuriko ya Aprili 2024 kule Mathare na Mukuru, watu walikuwa wanatolewa majini na kugeuzwa miguu juu ati maji yatoke, badala ya asiyepumua kupuliziwa pumzi papo hapo, kwa sababu aliyezama amekosa hewa na hewa ndio anataka. Hizi nyaya za sambaza, stima ya kuunganishwa kiwiziwizi, zikilala kwa maji, mtu anarushwa na mwenzake anakimbia kumshika, wanaenda wawili, wakati kitu cha kwanza ni kuzima stima. Na gesi ilipolipuka hapa Embakasi Februari 2024 kila mtu alikuwa na dawa yake, dawa ya meno, unga, mayai, wakati ngozi iliyoungua inataka maji baridi ya mfereji dakika 20. Haya yote yanafundishika mchana mmoja. Wakenya tunafunzwa wimbo wa taifa tangu nasari, hatufunzwi kumlaza mtu ubavu.

Serikali ilitoa wahudumu wa afya ya jamii 2023, wakapewa mikoba, wanapita ploti kwa ploti, wetu ni mama mzuri sana na anatujua kwa majina. Mpeni huyo hiki kitu cha jiko akiongee mwezi wa Mei, kabla baridi haijaingia, si Agosti baada ya mazishi. Landilodi naye akiambiwa aache tundu la hewa juu ya mlango ambalo haliwezi kuzibwa na gunia hatafilisika, ingawa wa kwetu nikimwambia huniuliza kama mimi ndio nitalipa fundi. Tundu lenyewe halifanyi jiko kuwa salama, nisieleweke vibaya, jiko linalala nje.

Kwa kaunti nina ombi moja dogo. Andikeni kwa kila wadi ni kliniki gani na hospitali gani ina oksijeni saa nane usiku, si kwa ripoti, kwa karatasi, na namba ya simu ambayo inashikwa. Sisi waangalizi tutaibandika getini wenyewe. Na wewe Mhariri, Julai hii mkileta picha ya watu wakilia nje ya mochari, wekeni hapo chini kisanduku kidogo cha nini cha kufanya, nafasi ya tangazo moja la mganga inatosha.

Mwangalizi wa ploti,
Pipeline, Nairobi